Shukrani kwa fundi wa Ilula

Jumamosi nilikuwa natoka Iringa kwenda Morogoro na mama yangu na watoto wawili. Karibu na Ilula gari likaanza kuvuta kushoto, hata nikiwa nimeachia breki. Niliposimama, rimu ya mbele ilikuwa ya moto, haigusiki. Na mteremko wa Kitonga ulikuwa bado mbele yetu.

Kijana wa ovaroli ya bluu aliacha chakula chake akaja. Akapiga jeki, akajaribu kuzungusha gurudumu: limeng'ang'ania. Akalegeza nati ya kutolea upepo, mafuta ya breki yakaruka, gurudumu likaachia. "Kaka, mpira wa breki umeziba kwa ndani," akasema, yaani ule mpira unaopitisha mafuta ya breki kwenda kwenye gurudumu, akaukunja nione nyufa. Wa kulia nao ulikuwa umevimba, hivyo akakataa kubadilisha mmoja tu.

Aliagiza mipira kwa bodaboda, akaifunga na washa mpya za shaba (vile vipete vya kuzuia mafuta yasivuje), kisha akageuza usukani hadi mwisho pande zote kuhakikisha haijipindi wala kugusa tairi. Mimi nikikanyaga breki, yeye akitoa upepo na kuongeza mafuta, mpaka mapovu yakaisha. Hata hapo hakuniruhusu kuondoka. Alinikanyagisha kwa nguvu huku akimulika viungo kwa tochi ya simu, asione hata tone.

Alichukua bei ileile aliyotaja mwanzo.

Kitonga tulishuka kwa gia ndogo, breki imara, mama akisali kimyakimya. Jina la fundi yule sikuuliza, na linaniuma. Anayemfahamu amfikishie salamu. Nanyi wenye magari ya siku nyingi, kila tairi linapofunguliwa, mwombeni fundi aikunje mipira hiyo mwione.