Uzito wa kuzaliwa hautokani na chakula cha mama peke yake

Mhariri,

Kila inapoandikwa kwamba mtoto aliyezaliwa mdogo yumo hatarini kuugua moyo au kisukari ukubwani, lawama humwangukia mama: hakula vizuri. Uhusiano wenyewe ni wa kweli. Kwa upande wa moyo, mtafiti David Barker na wenzake waliuonyesha mwaka 1989 kwa kumbukumbu za wanaume waliozaliwa Hertfordshire, Uingereza, kati ya 1911 na 1930. Njaa kali nayo hupunguza uzito, hilo halina ubishi. Kinachosahaulika ni urithi.

Jeni za mama huathiri mazingira ya tumboni: sukari yake, presha yake. Jeni za mtoto, ambazo nusu yake zimetoka kwa baba, huathiri namna anavyokitumia kinachomfikia.

Tazama jeni ya glukokinasi, kimeng'enya ambacho kongosho hukitumia kupimia sukari ya damu. Ikiwa na hitilafu kwa mama, sukari yake hukaa juu kidogo maisha yote. Sukari hiyo hupita kwenye kondo, kongosho la mtoto hujibu kwa insulini nyingi, na tumboni insulini hukuza mwili. Mtoto akiirithi hitilafu hiyo, kongosho lake huchelewa kuhisi sukari, insulini hupungua, naye huzaliwa mdogo. Mtafiti Andrew Hattersley na wenzake walilipima jambo hili mwaka 1998: hitilafu ya mama iliongeza takribani gramu 600, ya mtoto ilipunguza takribani 530. Wote wawili wakiwa nayo, uzito huwa wa kawaida na mizani haionyeshi lolote. Hapo ndipo matibabu huweza kukosewa, maana mama akishushwa sukari sana kwa insulini ilhali mtoto ameirithi hitilafu, mtoto hukosa kukua. Kwa hiyo mzingo wa tumbo la mtoto hufuatiliwa kwa ultrasaundi kabla ya kuamua dozi.

Hitilafu hiyo ni nadra. Kwa walio wengi zinahusika tofauti nyingi ndogo ndogo za jeni. Tofauti iliyo karibu na jeni iitwayo ADCY5, kwa mfano, hupunguza uzito wa mtoto na kumwongezea hatari ya kisukari cha aina ya pili. Vilevile jeni za mama zinazopandisha presha hupunguza uzito wa mtoto, na mtoto akizirithi, presha yake nayo huelekea kupanda ukubwani. Kwa mtu huyo, udogo na presha vina mzizi mmoja.

Ili sababu hizi ziweze kutofautishwa, tunawaomba wanaopima watoto wafanye hivyo ndani ya saa ya kwanza, mtoto akiwa hana nguo, mizani ikianzia sifuri, na gramu ziandikwe zilivyo. Gramu 2,480 zikikadiriwa kuwa 2,500, mtoto anatolewa kwenye kundi la uzito pungufu, yaani chini ya gramu 2,500. Ziandikwe pia wiki za mimba: gramu 2,400 katika wiki ya 35 huenda ni mtoto aliyezaliwa tu kabla ya wakati, katika wiki ya 40 huenda kuna kilichomzuia kukua. Kisha waulizwe wazazi wote wawili kuhusu kisukari na presha. Baba mara nyingi haulizwi kabisa.