Barua kwa vijana wa jogging wa mtaani kwetu Mbagala

Wanangu,

Jumapili iliyopita mlipita mbele ya nyumba yangu alfajiri mkiimba, fulana rangi moja, nami nikatoka barazani kuwapungia mkono. Nilifurahi kweli. Saa mbili nikaenda kununua maandazi, nikawakuta kijiweni, jasho halijakauka, wanane kati yenu mna fegi vidoleni. Mmoja akaniambia, "Mzee, sumu tumeshaitoa, hii ya kujipongeza tu." Neno hilo limeninyima usingizi.

Sumu haitoki hivyo, mwanangu. Moshi ule una kaboni monoksidi, hewa inayoikalia nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mmeamka usiku kuitafuta pumzi, kisha mkaiziba kwa mkono wenu wenyewe.

Mimi nilivuta miaka 22. Nilianza nikiwa utingo wa lori. Niliacha mara tano nikarudia, na mara zote hizo nilikuwa nacheza mpira kila Jumamosi. Sasa sikilizeni vizuri: sigara haikuwa ikiniita uwanjani Jumamosi. Iliniita saa saba mchana nikishanawa mikono baada ya ugali. Iliniita mtu anayenidai akipiga hodi. Zoezi langu lilikuwa Jumamosi, adui yangu alikuja kila siku, tena kwa saa yake.

Mara ya sita mke wangu ndiye aliyeniokoa. Alikuwa akiondoa sahani ananiambia, "Baba, njia hiyo." Natoka, natembea haraka mpaka kituo cha daladala na kurudi, kama dakika 10 hivi. Siku za mwanzo nilitembea huku nimekunja ngumi, namchukia kila mtu niliyepishana naye. Lakini nikifika mlangoni ile hamu imelegea. Baadaye nilielewa kwamba hamu ya nikotini hupanda kwa kishindo, kisha hushuka baada ya dakika chache hata usipoilisha, na watafiti wamepima wakaona kutembea haraka kwa muda mfupi huipunguza palepale. Nyinyi mnaipa fegi kabla hata hamjajua kwamba ilikuwa inaondoka.

Kwa hiyo sisemi muache kukimbia Jumapili. Nasema kila mmoja azijue saa zake za kuvuta, na hapo ndipo aliweke zoezi. Dereva wa boda anayewasha akisubiri abiria, ashuke apige pushapu, apande na kushuka ngazi. Anayewasha akiamka, avae raba kabla hajanawa uso.

Mengine mnayajua. Siku tatu nne za kwanza ndizo mbaya zaidi, na hasira na kukosa usingizi huweza kufika wiki nne. Kunyweni maji. Msibaki na pakiti "ya akiba". Anayebanwa kifua aende hospitali kwanza. Na mbio peke yake hazimwachishi mtu ambaye hajaamua. Akishindwa, aombe ushauri na dawa, si aibu.

Wala lawama si yenu peke yenu. Shuleni tulikimbia mchakamchaka kila asubuhi, na 1974 Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, kila mtoto alijiona yeye ndiye Bayi. Leo viwanja tulivyochezea vimejengwa fremu za maduka, na katika fremu hizohizo mtoto wa darasa la sita anauziwa sigara moja moja na mtu mzima mwenye watoto wake. Sheria ya tumbaku tunayo tangu 2003. Nani mtaani ameisimamia? Mimi mwenyewe nimeona nikanyamaza, na hilo linaniuma.

Kuanzia kesho, saa saba na nusu mchana, nitakuwa chini ya mwembe nikiwa nimevaa raba. Yule aliyesema anajipongeza aje kwanza. Tutatembea wawili mpaka kituoni na kurudi, sitamhubiria.

Mzee wenu