Shukrani kwa mama wa Ilesi

Mama mfinyanzi uliyejifunga leso ya kijani pale Ilesi, karibu na Kakamega, jina lako sikukuuliza, na mpaka leo najilaumu. Mimi ndiye yule kijana wa Mombasa aliyeshuka kwenye matatu ya Kisumu kwenda Kakamega akitafuta zawadi ya mama yake, akidhani chungu hufinyangwa na kubebwa saa hiyo hiyo.

Uliniketisha kwenye gunia, ukanipa donge la udongo. Kila nilipopandisha pingili, ile kamba ya udongo ya kujengea chungu, ukingo ulilala kama sikio la mbuzi. Hukucheka sana. Ulichovya kidole majini, ukaziba ufa, ukapitisha kokoto laini tumboni mwa chungu mpaka kikang'aa. Kisha ukanipa habari iliyonivunja moyo: chungu kibichi kikitiwa motoni, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kukipasua. Sharti kikauke siku kadhaa kwanza. Na mimi basi langu lilikuwa usiku ule!

"Kiache, mwanangu," ukasema. Malipo ulikataa, ukapokea nauli ya kifurushi tu. Kusema kweli, njiani nilishakata tamaa.

Wiki mbili baadaye boksi likafika, chungu kimezungushiwa majani makavu ya mgomba, kina doa jeusi la moshi ubavuni na hakina ufa hata mmoja. Mama yangu amekiweka sebuleni na haruhusu mtu kukishika, hata mimi niliyekifinyanga.

Asante sana, mama. Ukingo bado umepinda.