Uanachama wa waongoza watalii ubaki kwa mtu, usihamie kwa kampuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo linalotugusa sisi waongoza watalii wa Mlima Kilimanjaro. Nadhani hata watu wa fani nyingine ambao vyama vyao vinahangaika na ada watalielewa.

Chama chetu, ambacho silitaji jina lake kwa kuwa mjadala bado uko ndani ya nyumba, kimetuletea rasimu ya katiba mpya. Mambo mengi humo ni ya kawaida: mihula ya uongozi, anwani ya ofisi, nani anatia saini hundi. Ila ibara ya uanachama imepinduliwa. Katiba ya sasa inasema mwanachama ni mtu mwenye leseni ya kuongoza wageni mlimani. Rasimu inasema mwanachama ni kampuni ya utalii, na kila kampuni "itawakilishwa na mtu mmoja atakayeteuliwa na uongozi wa kampuni husika". Sisi tuliokuwa wanachama tumepewa jina jipya. Tunaitwa "wanufaika".

Niliwahi kuwa mweka hazina wa chama hiki, kwa hiyo nianze kwa kuwatendea haki wanakamati, maana hawakukurupuka. Ada inasumbua kweli. Ukifungua daftari la makusanyo, Januari na Februari mistari imejaa. Ukifika Aprili na Mei, mvua za masika zimeshika na wageni ni wa kuhesabu, ukurasa ni mweupe. Mtu ambaye hajapanda tangu Machi utamwambia nini kuhusu ada ya chama wakati watoto wamerudishwa nyumbani kwa ada ya shule? Halafu Julai inaingia. Sasa hela anayo, ila hapatikani. Anapandia geti la Londorosi, anashukia la Mweka, analala kwake usiku mmoja, anarudi mlimani na kundi jingine. Ukimpigia, simu haipo hewani. Ukimtumia ujumbe, jibu linakuja baada ya siku tano: "Nikishuka, mkuu." Akishuka, wewe uko juu. Wakati huo mwenye nyumba anataka kodi ya ofisi, na katibu naye anakula.

Mwaka 2020 wageni walipokatika kwa sababu ya korona, chama nusura kife kabisa. Kwa hiyo namwelewa mwenyekiti anapoona kampuni kadhaa zikilipa kwa mkupuo mmoja Januari, risiti moja, mchezo umeisha. Wanasema pia kampuni zitabeba gharama za mafunzo ya huduma ya kwanza na bima ya kundi. Hilo nalo si dogo. Anayejua bei ya kozi nzuri ya uokoaji wa mlimani hawezi kulibeza.

Sasa tuulizane: chama hiki, mbali na fulana na sherehe ya mwisho wa mwaka, kinatumika kwa kazi gani? Nitatoa mfano mmoja ninaoufahamu vizuri kwa sababu barua yake niliiandika mimi.

Kijana mmoja, mwongozaji msaidizi, alipeleka kundi Machame. Getini mizigo ilipimwa kama kawaida na kila mpagazi akapita. Mbele kidogo, mahali ambapo mizani haifiki, mtu wa kampuni alikuwa anasubiri na mifuko mingine: mtungi wa gesi, viti vya kukunja, na kile choo cha kubebeka ambacho wageni wa siku hizi wanakilipia zaidi. Akaamuru vigawanywe juu ya mizigo iliyokwisha kupimwa. Kijana akakataa, akasema aidha waongezwe wapagazi au vitu vibaki. Wapagazi wakaongezwa wawili, safari ikaenda vizuri, wageni wakafika kilele cha Uhuru. Waliposhuka, jina lake likatoka kwenye orodha ya safari za kampuni ile. Hakuna barua, hakuna kikao. Simu haikupigwa tena, basi, na posho ya safari ile ikawa "bado inashughulikiwa".

Akaja kwetu. Tukaandika barua kwa nembo ya chama, tukaambatisha maelezo ya wapagazi waliokuwepo. Posho ikalipwa kwa mafungu mawili. Kazi pale hakurudishiwa, lakini aliipata kwingine, na wagumu, yaani wapagazi, wa Machame hadi leo wanamsalimu kwa heshima.

Chini ya rasimu mpya, barua ile angeiandika nani? Mwakilishi wa kampuni ile ndiye angekuwa mwanachama. Ndiye angekaa mezani lalamiko likisomwa, na kura ya kuamua kama chama kiandike au kinyamaze ingekuwa mkononi mwake. Kijana, kwa kuwa ni mnufaika, angesubiri nje kwenye benchi.

Kuna jambo jingine ambalo walioandika rasimu, ambao wengi wao siku hizi wanamiliki kampuni ndogo (na siwalaumu, kila mtu anapanda ngazi), wamelisahau. Wengi wetu hatuna kampuni moja. Mwongozaji wa kawaida anaitwa na kampuni tatu, nne kwa msimu mmoja. Leo yuko na huyu, wiki ijayo na yule, na mkataba ni ujumbe kwenye simu. Kampuni ipi itamhesabu kuwa wake? Itakayomhesabu itataka asiende kwingine. Au zitamhesabu zote, na kura zao ziongezeke kwa kichwa kimoja, maana rasimu inatoa kura zaidi kwa kampuni yenye waongozaji wengi. Au hakuna itakayomhesabu, naye atakuwa na leseni mfukoni lakini hana chama. Leseni yenyewe imeandikwa jina la mtu na ina picha ya mtu. Mgeni akizidiwa na ugonjwa wa mwinuko pale kambi ya Barafu usiku wa manane, anayeamua ashushwe au aendelee ni mtu, na lawama akikosea ni ya mtu.

Wanakamati wanatujibu kwamba taasisi kuwa mwanachama si jambo geni hapa kwetu, mbona ushirika wa kahawa ndivyo ulivyo. Ni kweli, na mimi nimesomeshwa na kahawa ya Marangu. Lakini historia hiyo tuisome yote. Mwaka 1925 wakulima wa mlima huu waliunda Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wao, na mkulima alijiunga yeye mwenyewe. Ikaja sheria ya ushirika ya mwaka 1932, na mwaka 1933 ikasajiliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, kuchukua nafasi ya chama kile. Kuanzia hapo mwanachama wa chama kikuu hakuwa mkulima mmoja mmoja, alikuwa chama cha msingi. Haya, chama cha msingi kilikuwa cha nani? Cha wakulima wenyewe, wa eneo moja, wanaojuana mpaka mashamba. Wao ndio wanachama wake, wanachagua kamati yao na kumtuma mjumbe wao kwenye chama kikuu. Mnunuzi wa kahawa hakuitwa chama cha msingi. Wakala wa Moshi mjini hakuitwa chama cha msingi.

Na hata kwa muundo ule wenye wakulima chini, mambo hayakuwa laini. Mwaka 1937 bei ilipokuwa mbaya na sheria inawalazimisha kuuzia KNCU peke yake, wakulima wa baadhi ya maeneo walivamia maghala ya ushirika wao wenyewe. Waliona sauti yao imepotelea njiani kati ya kijiji na ofisi ya Moshi. Wale walikuwa na kikao cha kwenda kugomba. Sisi tunaambiwa tusiwe na kikao kabisa.

Hata ninyi waandishi, Ndugu Mhariri, mnalijua hili. Umoja wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania, UTPC, ulioanzishwa 1996, una wanachama ambao ni klabu za mikoa. Ni uanachama wa taasisi, sawa. Lakini klabu ya mkoa ni ya waandishi. Mwenye gazeti hamteui mwenyekiti wa klabu, na wenye vyombo vya habari wana umoja wao mbali, MOAT. Huku kaskazini nako wenye kampuni za utalii hawajakosa pa kusemea. TATO ipo tangu 1983, na hapa Moshi kuna KIATO. Ni vyama halali vya waajiri na vinafanya kazi yake. Sasa kwa nini chama cha anayebeba redio na mtungi wa oksijeni nacho kigeuzwe kuwa cha mwajiri?

Sipingi taasisi kuwa wanachama. Ninapinga aina ya taasisi iliyochaguliwa. Kama kamati imechoka kufukuzana na mtu mmoja mmoja kwa ada, na ina haki ya kuchoka, basi tuunde vikundi vya mageti: Marangu, Machame, Umbwe, Londorosi, Rongai. Waongozaji wa kila upande wa mlima wanajuana kwa majina ya ukoo, wanazikana, wana vikoba vyao tayari. Kikundi kikusanye ada kwa wakati kinaoujua chenyewe, wakati watu wameshuka na bakshishi bado ipo, kisha kipeleke fungu moja makao makuu. Kikundi kiwe mwanachama wa chama, na mtu awe mwanachama wa kikundi kwa jina lake na namba ya leseni yake, popote anapofanya kazi. Mjumbe achaguliwe kwa kura, mtu mmoja kura moja, na awe mwenye leseni hai asiyemiliki kampuni.

Kampuni nazo zisifungiwe mlango. Ziwe wanachama washiriki: zichangie mafunzo, zihudhurie mkutano, ziongee, zisipige kura. Zile zenye nia njema zinaweza pia kukata ada kwenye malipo ya mwongozaji, kwa ridhaa yake ya maandishi, na kuipeleka chamani kwa jina lake. Najua zipo za namna hiyo, nimefanya nazo kazi.

La mwisho ni tarehe. Mkutano mkuu wa kupitisha rasimu hii umeitishwa katikati ya Agosti. Kila anayeujua mlima huu anajua Agosti tuko wapi. Akidi itatimizwa na waliobaki mjini, na waliobaki mjini Agosti ni wenye ofisi. Katiba ikishapita itapelekwa kwa msajili na sisi tutasomewa matokeo kambini. Naiomba kamati isogeze mkutano hadi Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeturudisha nyumbani, na rasimu ipelekwe mapema kwa waongozaji wa kila geti ikiwa na pendekezo la vikundi pembeni yake, ili watu wachague kati ya mawili wakiwa wameyasoma.

Mwongoza watalii,
Marangu, Moshi