Rangi tunazo, tunaomba ujuzi: harambee ya kuwasomesha washauri wetu wanne

Ndugu zetu wa Mathare, nanyi mliohama lakini mna jamaa huku: hii ni harambee isiyo na jengo. Hakuna jiwe la msingi, hakuna utepe wa kukatwa, na mgeni wa heshima hataona jina lake kwenye kibao ukutani. Tunachanga ili washauri nasaha wetu wanne wapate mafunzo ya juu, ya vitendo, katika tiba ya sanaa, yaani kumsaidia mtu aliyeumia moyoni kwa njia ya kuchora, kupaka rangi na kufinyanga. Lengo ni shilingi 900,000. Ni pesa nyingi kwa kitu ambacho huwezi kukipiga picha ukaituma kwenye grupu, kwa hiyo mtuvumilie tueleze.

Wengi wenu mnaujua ukumbi wetu wa Jumamosi. Ulianza baada ya mafuriko ya Aprili 2024, usiku ule mto Mathare ulipovunja kingo ukabeba nyumba za mabati na watu wakiwa ndani. Mwezi uliofuata yakaja matingatinga kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Kuna watoto waliopoteza kwao mara mbili katika wiki chache. Shule zilipofunguliwa, walimu wakaanza kutuletea taarifa zinazofanana: huyu yuko Gredi ya 5 na ameanza kukojoa kitandani, yule hatoki darasani mvua ikinyesha, mwingine ameacha kusema kabisa. Tukatandika mikeka, tukaweka karatasi za manila, tukawaita waje wachore.

Tulipoomba krayoni mlileta krayoni. Mlileta rangi za maji, brashi, gundi, magazeti ya kukata, hata gunia la udongo wa kufinyanga. Kabati halifungi tena, na tunawashukuru. Ila sasa tunasema wazi kwamba hatuhitaji krayoni nyingine. Watoto wanachora, na kuchora kunafungua mambo. Kinachokosekana ni mtu anayejua la kufanya jambo likishafunguka.

Tutoe mfano mmoja. Siku moja mvua ilianza kupiga mabati watoto wakiwa ndani. Mvulana mmoja, ambaye hatutasema ni wa nyumba gani wala ana umri gani, alikuwa na rangi ya maji. Akaongeza maji, akaongeza tena, karatasi ikalowa ikararuka, naye akaendelea kusugua brashi juu ya meza huku pumzi zikimpanda. Mshauri aliyekuwa karibu ana cheti cha ushauri nasaha na alifanya alichofundishwa: alikaa naye, akamsemesha polepole mpaka akatulia. Hilo lilikuwa sahihi. Lakini mtoto yule hakuwa katika hali ya kusemeshwa. Mambo yote yalikuwa mkononi mwake, katika yale maji na ile karatasi, na huko ndiko alikohitaji kufuatwa.

Aliyebobea katika tiba ya sanaa angeanza na kifaa chenyewe. Rangi ya maji hutiririka, haishikiki, na mtu ambaye hofu imeshamjaa humfungulia zaidi ya anavyoweza kubeba. Penseli, rula, vipande vya kukata na kubandika, udongo mgumu kidogo: hivi humkinza mkono na kumpa mpaka. Kwa mtoto aliyejifunga, asiyesema wala kulia, mambo hugeuka. Huyo ndiye wa kupewa rangi ya maji, tone kwa tone, au udongo laini unaoingia kati ya vidole. Mwaka 1978 huko Marekani, Sandra Kagin na Vija Lusebrink walichapisha mfumo unaopanga kazi ya sanaa kwa ngazi: chini kabisa mwendo wa mwili na hisi za ngozi, kisha maumbo na hisia za moyo, kisha fikra na ishara. Anayeujua mfumo huo hutazama mtu anavyoshika brashi akajua yuko ngazi gani, na kifaa gani kitamsogeza bila kumwangusha.

Kuusoma kitabuni si kazi kubwa. Kuutumia mtoto akiwa mbele yako, wenzake ishirini wakipiga kelele na mvua ikinyesha, hakuji kwa kusoma. Ndiyo maana tumekataa kozi za siku mbili zenye cheti cha kupendeza (zipo, tena nyingi, na bei zake huvutia). Mafunzo tuliyochagua yanamketisha mshauri chini na udongo mikononi kabla hajaruhusiwa kumpa mtu mwingine. Anachora mambo yake mwenyewe, anaona yanavyomtikisa, anajifunza kuyafunga kabla ya kuinuka. Kisha wanafanya kazi wawili wawili, mmoja akiwa mshauri na mwingine mteja, mwalimu akitazama na kusimamisha pale mkono ulipokwenda kombo. Baada ya hapo inakuja sehemu ndefu zaidi, ya miezi kumi ya kufanya kazi na watoto wetu hapa hapa, huku kila kesi ikipitiwa na msimamizi mwenye uzoefu.

Kuna jambo moja ambalo mafunzo haya yatawaondolea, na kusema kweli yatatuondolea sote. Watu wengi hudhani mtaalamu hutazama picha na kupiga ramli: jua jeusi maana yake hivi, nyumba isiyo na mlango maana yake vile. Pengine mtoto alibakiwa na krayoni nyeusi tu. Mtaalamu wa kweli hakurupuki. Humwachia mtoto nafasi ya kusema mwenyewe, wala hamuulizi "Hii ni nini?" bali humwambia "Niambie kuhusu picha yako," kisha ananyamaza, na kule kunyamaza nako kunafundishwa. Hata "Picha nzuri!" ina gharama yake. Mtoto aliyesifiwa kwa maua ataleta maua tena Jumamosi ijayo, na kilicho chini ya maua kitabaki huko huko.

Fani hii si ya jana. Mwaka 1942 mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyekuwa ameugua kifua kikuu na kuona kuchora kulivyomsaidia akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, ndiye aliyeipa jina. Leo nchini Uingereza sheria haimruhusu mtu kujiita mtaalamu wa tiba ya sanaa bila kusajiliwa. Lakini mtu tunayemtaja zaidi katika vikao vya kamati ni Friedl Dicker-Brandeis, msanii Myahudi wa Vienna. Wanazi wa Ujerumani walimpeleka Terezín, kambi waliyowafungia Wayahudi, mwishoni mwa mwaka 1942, na humo akawafundisha watoto kuchora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Kabla hajapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1944, ambako aliuawa, picha za watoto hao zilifichwa ndani ya masanduku mawili. Zilikuwa takriban 4,500. Wengi wa waliozichora hawakuiona amani, lakini picha zipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Wayahudi mjini Prague.

Kisa hicho husimuliwa kana kwamba ni cha huruma peke yake. Huruma alikuwa nayo. Ila alikuwa pia amesoma kwa miaka kwenye chuo cha sanaa cha Bauhaus, mjini Weimar, Ujerumani, akajua mstari unafanya nini, mdundo wa mkono unafanya nini, karatasi iliyochanwa na kubandikwa upya inafanya nini. Mwanafunzi wake Edith Kramer alikimbilia Marekani akawa mmoja wa walioijenga tiba ya sanaa kwa watoto. Ujuzi ulihama kutoka mkono hadi mkono. Sisi tunao watu wenye huruma tangu zamani. Mathare haijawahi kukosa mama wa kumfunika mtoto wa jirani.

Mzee mmoja wa Nyumba Kumi alituuliza swali ambalo tunajua wengi mnalo: pesa hizi si afadhali zinunue unga? Tulimjibu kwamba swali ni la haki, na kwamba unga tunachangia kila mwezi na tutaendelea. Kisha tukamkumbusha mwaka 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini, na mtaa huu ulikuwa kati ya ile iliyoumia vibaya. Watoto wa wakati ule walipewa unga na blanketi, na walistahili kupewa. Leo ndio wazazi. Baadhi yao bado huzima taa na kukaa kimya siku ya kutangazwa kwa matokeo. Hakuna aliyewahi kuketi nao.

Kuna sababu nyingine inayotufanya tupendelee njia hii, na wenyeji mtaielewa haraka kuliko wageni. Tunaishi jirani na hospitali ya Mathari, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na mpaka leo mtoto akikasirika wenzake humtishia kwamba atapelekwa huko. Mwambie mzazi mwanawe amuone mshauri, atasema mwanangu hana wazimu. Mwambie aje Jumamosi achore, atamleta mwenyewe na ndugu zake wawili.

Sasa hesabu. Ada ya mafunzo ni shilingi 145,000 kwa mtu, yaani 580,000 kwa wote wanne. Msimamizi atakutana nao mara mbili kwa mwezi kwa miezi kumi, kila kikao 6,000, jumla 120,000. Wanne hawa wanaishi kwa vibarua na biashara ndogo, mmoja wao huuza mboga asubuhi, kwa hiyo tumetenga 30,000 kwa kila mmoja kufidia siku ambazo hawataingiza kitu. Hiyo ni 120,000 nyingine. Vifaa vya mazoezi 45,000, nauli na chakula 35,000. Wanakikundi wenyewe tumeshatoa 162,000. Zimebaki 738,000.

Kila mmoja wa wanne atatia saini kwamba atahudumu ukumbini kwa miaka miwili baada ya kumaliza, na kwamba atamlea kijana mmoja wa mtaa katika kazi hii. Akiondoka mapema bila sababu ya msingi, atarudisha sehemu ya ada. Wamekubali wote, mmoja baada ya kubishana sana, na tulimheshimu kwa kubishana.

Harambee itakuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya ibada, katika ukumbi huo huo. Waislamu wenzetu wa kikundi wameomba ianze baada ya adhuhuri nasi tumekubali. Kutakuwa na mnada kama kawaida: jogoo, keki, mikungu ya ndizi, sukuma wiki za bustani ya akina mama. Mwanasiasa atakayekuja anakaribishwa kuchanga, ila hatapewa kipaza sauti.

Baadhi yenu mmependekeza tutundike picha za watoto ukutani siku hiyo, au tuziuze kwenye mnada, kwamba zitavuta mioyo na mifuko. Hatutafanya hivyo, na tunaomba msituombe tena. Picha iliyochorwa katika kazi hii ni kama faili la hospitali. Mtoto aliambiwa kwamba karatasi yake itakaa ndani ya bahasha yenye namba, kabatini, na haitaonwa na mtu bila ruhusa yake. Tukivunja ahadi hiyo kwa ajili ya kuchangisha pesa za kumsaidia, tutakuwa tumeharibu kile tunachokichangia. Kama mnataka kujua kuchora kunakuwaje, tutaweka meza yenye karatasi na udongo kwa ajili ya watu wazima. Wababa hasa, karibuni. Hatutamsifu mtu.

Walio mbali wanaweza kutuma kwa M-Pesa. Namba imechapishwa nyuma ya kadi ya harambee, na kila anayetuma atapata risiti kutoka kwa mweka hazina. Ahadi zinapokelewa, ziandikwe kwa jina na tarehe ya kutimizwa. Hesabu zote zitabandikwa mlangoni wiki mbili baada ya harambee, pamoja na zile za ahadi ambazo bado hazijatimizwa. Kikizidi kitu, kitalipia vikao zaidi vya msimamizi. Kikipungua, tutapeleka washauri wawili kwanza na kuendelea kuchangia wawili waliobaki, kwa sababu hatutapunguza miezi ya usimamizi.

Kadi ziko kwa makatibu wa vikundi vyenu. Zirudisheni kabla ya Ijumaa ya wiki ya harambee, hata zile ambazo hazina jina.

Kamati ya harambee, ukumbi wa Jumamosi, Mathare