Barua kwa mpwa wangu aliyedhani cheni imeruka

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Najua jana usiku hukuniamkia, maana nilipopokea simu neno lako la kwanza lilikuwa "Mjomba, rangi zimepotea," lakini salamu nimeihesabu. Nilikujibu kwa ufupi kwamba usifungue kitu, nikakata. Leo nakuandikia kwa kirefu, na barua naiacha wazi kwa sababu vijana wengi wa gereji za Buzuruga na Nyakato, hapa Mwanza, hukwama pale pale ulipokwama wewe.

Uliniambia kwamba uliivika cheni mpya ya taimingi kwenye injini ya ile Toyota IST, yaani cheni inayoifanya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) izungushe kamshafti (shafti zinazofungua valvu) kwa wakati wake, ukalinganisha pingili zenye rangi na alama za gia, ukaiachia tenshena, kile kikaza cheni, kisha ukaizungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kama nilivyokufundisha. Ulipotazama tena, pingili za rangi zilikuwa zimehamia kwingine kabisa, moja hata huioni, ukahitimisha kwamba cheni imeruka jino. Haijaruka. Rangi ile kiwanda huiweka ili ikusaidie kuivika cheni mara ya kwanza tu. Ushahidi wa kwamba taimingi imekaa ni alama zilizochongwa kwenye gia zenyewe, na hizo ulisema mwenyewe kwamba zimerudi mahali pake.

Chukua kalamu tupige hesabu, kwa kuwa jambo hili halielezeki vizuri kwa mdomo. Tuseme gia ya krenki ina meno 18 na kila gia ya kamshafti ina meno 36, yaani krenki huzunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja, kama inavyotakiwa kwa injini ya mipigo minne. Katika mizunguko hiyo miwili ya krenki, pingili 36 zimepita. Ikiwa cheni yote ina pingili 120, basi pingili yako ya rangi imesogea mbele pingili 36, haijakaribia hata nusu ya safari yake. Kwa hesabu hiyo utalazimika kuizungusha krenki mara 20 kabla rangi na alama hazijakutana tena. Idadi ya pingili hutofautiana kati ya injini na injini, lakini sababu ni hiyo hiyo.

Na kwa nini mizunguko miwili, si mmoja? Ukizungusha mmoja, alama ya puli, lile gurudumu la mkanda lililo mbele ya krenki, itarudi kwenye sifuri yake na utafurahi bure, kwa maana kamshafti zitakuwa zimefika nusu tu na alama zake zitatazama chini. Pistoni ya kwanza iko juu kweli, lakini iko juu mwishoni mwa kutoa moshi, si mwishoni mwa kubana.

Makosa ya kweli nimeyafanya mimi, tena nikiwa na uzoefu kuliko wewe leo. Mteja mmoja wa Sengerema, wakati ule wa kuvuka kwa kivuko, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, aliniletea Probox iliyokuwa ikilia kama debe la kokoto kila asubuhi inapowashwa. Niliivika cheni jioni, mwanga umefifia, rangi zote zikiwa zimekaa sawasawa. Nilipoiachia tenshena, upande wa pili wa cheni ulikuwa na ulegevu kidogo ambao sikuugusa kwa kidole. Tenshena ikauvuta ulegevu ule wote, na kamshafti ikageuka nao. Sikuizungusha krenki kwa mkono. Nilifunga kifuniko, nikapaka silikoni, nikawasha. Gari likawaka, likanguruma bila kutulia, na kwenye mlima wa Bugando likakosa nguvu huku taa ya injini ikiwaka. Mashine ya kupimia ikaandika P0016, yaani krenki na kamshafti hazielewani. Ilikuwa jino moja tu, lakini nililipa oili na silikoni ya pili kutoka mfukoni mwangu, na siku mbili za mteja sikuweza kumrudishia. Kwenye gia ya meno 36 jino moja ni nyuzi 10 za kamshafti, ambazo ni nyuzi 20 za krenki. Nilibahatika valvu hazikuigusa pistoni. Kuna injini ambazo meno machache tu yangetosha kuzipinda valvu zake.

Kwa hiyo kabla hujaichomoa pini inayoizuia tenshena isikaze, bonyeza cheni kwa kidole upande ule inakovutwa na krenki. Upande huo uwe umekaza, na ulegevu wote uwe umebaki upande wa tenshena. Ukiukuta kinyume, irudishe kamshafti taratibu kwa spana kwenye ile sehemu yake yenye pembe sita, si kwa kuishika gia. Halafu zungusha krenki kwa boksi na mpini mrefu, ukifuata mwelekeo ambao injini huzunguka ikiwa imewashwa, plagi zikiwa zimetolewa ili mkono wako uhisi kila kitu. Ukikutana na kitu kigumu kinachokataa ghafla, simama hapo hapo. Usiongeze nguvu, na usimwite kijana mwenye misuli aje kukusaidia.

Kwa IST yako hayo yote umeshayafanya, na alama zimekubali. Futa uso wa kifuniko mpaka usibaki utando wa silikoni ya zamani, kifunge, subiri silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu yake hata kama mteja amekaa kwenye benchi anakutazama, kisha jaza oili mpya. Kabla ya kurudisha plagi, piga stata mara mbili tatu ili oili ipande, kwa sababu tenshena hukaza cheni kwa msaada wa mgandamizo wa oili. Utakapowasha utasikia cheni ikigonga sekunde chache, halafu itanyamaza. Isiponyamaza, zima gari na unipigie, safari hii ukianza na shikamoo.

Mjomba wako,
Nyakato