Tusiwaachie bahati watoto viziwi

Mhariri,

Mwanangu ni kiziwi, yuko darasa la tano katika shule ya kawaida. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki hiyo, lakini kilichombakiza shuleni ni binti waliyekaa naye dawati moja. Alijifunza lugha ya alama, akawa anamnong'oneza kwa vidole kila mwalimu alipogeukia ubao. Mwaka huu binti huyo amehama. Sasa mwanangu hukaa peke yake wakati wa mapumziko, na daftari lake lina nusu ya kazi.

Naiomba Wizara ya Elimu: kila darasa lenye mtoto kiziwi lipate wenzake watatu au wanne waliofundishwa kumsaidia, kwa zamu, chini ya mwalimu. Nao ni watoto, wasigeuzwe wakalimani.

Mzazi,
Morogoro